Mechi ya 1-0 mnaitupa kwenye kona, hebu someni hii ya Milwaukee 1959

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa vijana wako wa dawati la michezo, hasa yule aliyeandika wiki iliyopita kwamba mechi ikiisha 1-0 haina stori ya kumsimulia msomaji. Sijui alikuwa amechoka au gazeti lilikuwa linasubiriwa mtamboni, lakini mdogo wangu hapo umeteleza na mi siwezi kukaa kimya. Halafu sio yeye peke yake, ukurasa wenu wote uko hivyo hivyo, timu ikishinda 6-2 mnatupa nusu ukurasa na picha mbili na maneno ya kocha, ikishinda 1-0 mnaitupia kule chini kwenye kona ya matokeo jirani na matangazo ya viwanja vinavyouzwa, mstari mmoja, basi.

Sasa naomba nafasi niwasimulie 1-0 moja. Sio ya soka, ni ya besiboli, na najua nusu ya wasomaji wataruka hapa hapa waende kutafuta nyota zao, ila vumilieni kidogo. Mi nilikaa Milwaukee, Marekani, miaka kadhaa kwa shughuli za kazi na kule huwezi kukaa na mzee yeyote anayependa michezo ukanyanyuka bila kusikia habari ya usiku wa Jumanne tarehe 26 Mei 1959, wenyeji Milwaukee Braves, wageni Pittsburgh Pirates, uwanja unaitwa County Stadium. Kwa idadi rasmi watazamaji walikuwa 19,194 lakini kwa wazee niliokutana nao mimi, kila mmoja alikuwepo, na kila mmoja alikaa karibu na uwanja, sijui yale majukwaa ya juu alikaa nani.

Kwa wasioijua besiboli, haraka haraka tu. Mrushaji anasimama kwenye tuta, mpigaji yuko mbele yake kama mita 18 hivi ameshika gongo (la mti, sio lile la kwenye chupa), akiupiga mpira vizuri anakimbilia besi ya kwanza, na akifanikiwa kuzunguka besi zote mpaka nyumbani timu yake inapata rani moja, ndo kama goli. Timu inapiga mpaka watu wake watatu watolewe, halafu inaingia nyingine, hiyo inahesabika awamu moja, na mechi ina awamu 9. Droo hakuna, mkilingana mnaendelea hata mpaka alfajiri. Kwa hiyo piga hesabu, mrushaji akimaliza mechi yote peke yake anatakiwa awatoe watu 27. Na mpigaji ana njia nyingi za kufika besi ya kwanza: apige hiti safi (yaani mpira ambao walinzi hawauwahi), au arushiwe mipira minne mibovu apewe besi ya bure, au agongwe na mpira, au mlinzi mmoja aboronge. Ikitokea wote 27 wametolewa na hakuna hata mmoja aliyekanyaga besi ya kwanza kwa njia yoyote ile, hiyo wanaiita mechi kamilifu. Na ni adimu kweli. Kabla ya usiku ninaousema, ya mwisho ilikuwa ya Don Larsen wa Yankees kwenye fainali za 1956, na kabla ya Larsen ilibidi urudi nyuma mpaka 1922.

Haya, mrushaji wa Pirates siku hiyo ni Harvey Haddix, jamaa wa Ohio, mwembamba, mfupi kwa wanamichezo wa kule, anatumia mkono wa kushoto, miaka 33. Sio nyota wa mabango. Walimpa jina la mtoto wa paka kwa sababu alifanana na mrushaji mkongwe wa pale St. Louis, Harry Brecheen, ambaye ndo alikuwa paka mwenyewe. Na siku hiyo mtoto wa paka alikuwa anaumwa, mafua yamemkamata vibaya, anakohoa, anamung'unya vidonge vya koo katikati ya mechi. Upande wa pili wamepanga mstari wa kutisha, hawa Braves walikuwa mabingwa wa dunia 1957 na mabingwa wa ligi yao 1958 (ligi kuu ya kule ina ligi mbili ndani yake), wana Eddie Mathews, wana Hank Aaron, wana Joe Adcock, majamaa ambao ukikosea kidogo tu mpira unaenda kuokotwa barabarani. Halafu Pirates wenyewe wamekuja pungufu, Roberto Clemente hakucheza.

Inasimuliwa kwamba kabla ya mechi Haddix aliwakalisha wenzake akawa anawaeleza atamrushiaje kila mpigaji wa Braves, huyu chini, huyu nje, yule ndani, na mlinzi wa besi ya tatu, Don Hoak, akamtania kwamba ukirusha kama unavyosema utamaliza bila kupigwa hiti hata moja. Mkumbuke huyo Hoak, nitamrudia.

Mechi ikaanza. Awamu ya kwanza watatu nje. Ya pili watatu nje, ya tatu, ya nne, ya tano, watatu, watatu, watatu. Hapa ndo mwandishi wenu angesinzia, ubao unasoma sifuri kila upande, lakini aliyekuwa anajua anachoangalia alikuwa hawezi hata kwenda chooni. Unajua kitu kinachofanya besiboli ya rani chache iwe tamu ni kwamba kila mpira unaongezeka uzito, ule wa awamu ya kwanza ukikosea una muda wa kurekebisha, ule wa awamu ya nane huna, na wote uwanjani wanajua, mpaka muuza soda anajua. Ikafika ya tisa, Haddix akawamaliza tena watatu. Watu 27, wote nje, kamilifu. Kwenye mechi nyingine yoyote hapo wenzake wanamrukia, wanambeba, anaenda kwenye historia na picha yake.

Tatizo Pirates hawakuwa na rani hata moja.

Na hapa naomba tumpe haki yake Lew Burdette, mrushaji wa Braves, maana kila mtu anamsahau. Huyu ndo aliyeshinda mechi tatu peke yake kwenye fainali za 1957, mtu wa vituko, hatulii kwenye tuta, anajigusa kofia, anajigusa shati, wapinzani wake miaka yote walimshuku kwamba anaupaka mpira mate. Usiku ule Pirates walimpiga hiti 12. Kumi na mbili! Na hawakupata rani. Hakutoa besi ya bure hata moja, kila wakisogea anawatega wanapiga mpira wa chini walinzi wanawatoa wawili kwa mpigo. Na Pirates nao walijiponza, awamu ya tatu Roman Mejias yuko besi ya kwanza, Haddix mwenyewe akapiga hiti fupi, Mejias badala ya kutosheka na besi ya pili akaitaka ya tatu, akatolewa, na mpigaji aliyefuata, Dick Schofield, naye akapiga hiti. Yaani Mejias angetulia tu pale besi ya pili uwezekano mkubwa rani ingepatikana, na Haddix angeondoka na mechi kamilifu ya awamu 9 na mi nisingekuwa naandika barua hii.

Wakaingia awamu ya kumi. Hakuna mrushaji wa ligi kuu aliyewahi kufika hapo akiwa kamilifu. Watatu nje. Ya kumi na moja, watatu nje. Ya kumi na mbili, watatu nje. Watu 36 mfululizo, na mtu ana mafua. Mwenyewe alikuja kusema kwamba alikuwa anajua hajapigwa hiti ila hakuwa na uhakika kama ni kamilifu, alidhani labda mwanzoni kuna mtu alimpa besi ya bure. Mimi hicho ndo kinaniuma zaidi, maana mtu anafanya kitu ambacho hakijawahi kufanywa na yeye mwenyewe anahisi kuna doa mahali.

Na kuna lingine ambalo lilitoka baadaye sana. Mmoja wa warushaji wa Braves, Bob Buhl, alikuja kufichua kwamba usiku ule wao walikuwa wanaiba ishara! Mdakaji wa Pirates, yule anayekaa nyuma ya mpigaji na kumwonyesha mrushaji wake kwa vidole arushe mpira gani, alikuwa Smoky Burgess, mnene kidogo, hakuweza kuchuchumaa chini vya kutosha kuficha vidole vyake, sasa warushaji wa akiba wa Braves waliokaa kule mbali wakawa wanaziona ishara wanampungia mpigaji kwa taulo kumwambia mpira unaokuja ni wa kasi au wa kukunja. Inasemekana ni Aaron tu ndo alikuwa hataki kuambiwa. Kwa hiyo hawa watu walikuwa na majibu ya mtihani mkononi na bado wakafeli mara 36. Mhariri, hiyo haina stori?

Awamu ya kumi na tatu, upande wa Pirates sifuri tena. Wanaingia Braves. Anapiga Felix Mantilla, ambaye aliingizwa katikati ya mechi, mpira wa kawaida kabisa wa kudunda unaenda kwa nani? Kwa Don Hoak, yule yule wa utani. Anaudaka vizuri, ana muda, anaurusha besi ya kwanza, unaenda chini, Rocky Nelson anashindwa kuuzuia. Kosa. Mantilla yuko besi ya kwanza, ukamilifu umeishia hapo kwa mtu wa 37, na sio kwa kosa la Haddix. Ila hiti bado hamna.

Anayefuata ni Mathews, mtu ambaye msimu ule alimaliza na homurani 46 (homurani ni mpira uliopigwa ukavuka uzio), hakuna aliyemzidi kwenye ligi yao, na kocha wake anamwambia usipige, gusa tu mpira ujitoe kafara Mantilla asogee besi ya pili. Yaani wenye mizinga wameamua kuomba kijiti. Mtu wa namna hiyo kugusa mpira kwa adabu, hiyo peke yake ni heshima kubwa kwa Haddix kuliko maneno ya gazeti lolote. Mathews akatolewa, Mantilla akasogea. Haddix akampa Aaron besi ya bure kwa makusudi, uamuzi wa akili tu, msimu ule Aaron ndo alikuja kuongoza ligi kwa wastani wa kupiga. Akabaki na Adcock, mtu mkubwa, mrefu, ambaye usiku mzima hajafanya lolote la maana. Mpira mmoja ukabaki juu kidogo. Adcock akaupiga kulia kati, ukavuka uzio. Homurani. Imeisha.

Au mnadhani imeisha! Aaron hakuona kama mpira umevuka, alidhani umeishia ukutani, akaona Mantilla anaenda nyumbani basi mechi imekwisha, akagusa besi ya pili akakata zake kona kurudi kwenye benchi. Adcock yeye anazunguka na furaha yake kichwa chini akampita Aaron, na kwa sheria ukimpita mwenzako aliye mbele yako umetolewa. Watu wanakimbizana, Aaron anarudishwa uwanjani, waamuzi wanashauriana, mwisho wakasema ni 2-0. Watu wakaenda kulala na 2-0. Kesho yake rais wa ligi, Warren Giles, akatoa uamuzi wake ofisini kwamba pigo la Adcock lihesabiwe kama la besi mbili, maana alimpita mwenzake, na mechi iliisha pale Mantilla alipogusa nyumbani. Kwa hiyo 1-0.

Sasa hapo ndo nataka kijana wenu asome mara mbili. Hata hiyo namba yenyewe mnayoiheshimu hivyo, ile ya kuweka kwenye kona ya matokeo, ilipatikana ofisini siku ya pili. Kwa macho ya watu 19,194 mpira ulivuka uzio watu watatu wakiwa mbioni, kwa usiku ule ilikuwa 2-0, kwa vitabu ni 1-0, na hakuna hata namba moja kati ya hizo inayokwambia kwamba aliyepoteza ndo aliyerusha vizuri kuliko mtu yeyote kabla yake na hata baada yake, maana mpaka leo hakuna aliyefikisha awamu 12 kamilifu kwenye ligi kuu.

Burdette kwa hilo alikuwa muungwana. Alimpigia Haddix simu usiku ule ule, na baadaye wakati wa kuongea mshahara akawa anatania kwamba anastahili nyongeza maana yeye ndo mtu aliyeshinda mechi kubwa kuliko zote zilizowahi kurushwa. Mi napenda hapo, mshindi anajua ushindi wake ulivyokuwa.

Wasiojua ni wa maofisini. Mwaka 1991 ligi kuu wakaunda kamati ya kusafisha takwimu, ikakaa, ikaamua kwamba mechi bila hiti ni ile tu ya awamu 9 au zaidi inayomalizika bila hiti. Kwa sentensi hiyo moja zikafutwa mechi kama 50 kwenye orodha, nyingi zilikuwa zile zilizokatizwa na mvua au giza kabla ya awamu ya tisa, na hizo sina ugomvi nazo sana, mtu hajamaliza kazi yake. Lakini ya Haddix ikafutwa nayo. Kwa sababu alipigwa hiti kwenye ya 13. Yaani angekuwa na wenzake wanaojua kufunga angeacha kwenye ya 9 akawa shujaa rasmi, ila kwa kuwa aliendelea kufanya kazi awamu nne za ziada, tatu kati yake bila doa, jina likatoka. Nimeshabishana na watu kuhusu hili, wanasema sheria ni sheria, mstari lazima uchorwe mahali. Sawa, chora, lakini 27 wa kwanza walitolewa au hawakutolewa? Kama walitolewa, ile ya 13 inawafufua vipi? Wanakamati nao walikuwa wanasoma ubao tu, kama ninyi.

Haddix alikuwa bado hai wakati huo, alifariki Januari 1994. Alipoulizwa kuhusu kufutwa alijibu kwamba ni sawa tu, anajua alichokifanya.

Na kwa wale ambao bado wanaamini ushindi na kupoteza vinasema kila kitu, mfuateni huyu huyu Haddix mpaka mwaka uliofuata, fainali za dunia 1960, Pirates na Yankees, mechi ya saba. Hiyo iliisha 10-9, Bill Mazeroski akapiga homurani ya mwisho pale Pittsburgh, mji ukapagawa, na nyie mngeipa kurasa tatu, najua. Mazeroski alikuwepo pia kule Milwaukee, besi ya pili. Mnajua kitabuni ni mrushaji gani ameandikiwa ushindi wa hiyo mechi ya saba? Haddix. Aliingia awamu ya tisa Pirates wakiwa wanaongoza 9-7, akarusha awamu moja tu, Yankees wakasawazisha yeye akiwa kwenye tuta, halafu Mazeroski akamwokoa. Ushindi wa Haddix. Watu 36 mfululizo, kapoteza. Awamu moja na wapinzani wamesawazisha, kashinda. Nani atasema namba imetenda haki hapo? (Mechi ya tano ya fainali hizo alishinda kihalali kabisa, isije ikaonekana namdharau.)

Braves wenyewe hawapo tena Milwaukee, walihamia Atlanta baada ya msimu wa 1965, na ule uwanja ulibomolewa 2001, ukipita pale leo unaona maegesho ya magari na kiwanja kidogo cha watoto pembeni ya uwanja mpya wa Brewers. Niliwahi kupaki pale nikawa natafuta tuta lilikuwa upande gani, mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

Sasa ombi langu, Mhariri, sio kwamba muanze kuandika besiboli, hapana, najua wasomaji wenu wanataka Simba na Yanga na mimi mmojawapo. Naomba tu mechi ikiisha 1-0 au 0-0 mtume mtu aliyekaa mpaka mwisho, aandike aya mbili, kipa alizuia nini na dakika ya ngapi, beki gani alimkaba nani mpaka akabadilishwa, nani alikosa kama Hoak na nani alikimbilia besi ya tatu kama Mejias. Aya mbili tu. Nafasi ipo, punguzeni yale maneno ya kocha ambayo kila wiki ni yale yale, tunamshukuru Mungu kwa pointi tatu, tumeyakariri.

Barua nimeona imekuwa ndefu, mkitaka kukata kateni pale nilipoeleza sheria na pale kwenye maegesho, ila ya Burdette msiikate.

Msomaji wenu,
Tanga